Hukumu Haiombi Viza

Ndugu zangu, mnaolijua shamba la Nabothi mtanielewa upesi. Mfalme Ahabu alilitamani shamba la mizabibu la jirani yake, akanyimwa, akajilaza kitandani amenuna kama mtoto. Lakini shamba lile halikuchukuliwa kwa mkuki. Lilichukuliwa kwa kesi. Wazee wa mji walikaa barazani, mashahidi wawili wa uongo wakasimama, hukumu ikatoka, mwenye shamba akapigwa mawe akafa. Utaratibu ulifuatwa wote, barua zikapigwa muhuri. Naanza na kisa hiki makusudi, maana sikuja kuwaimbia sifa za mahakama. Nimekuja kuwaambia kwamba hukumu husafiri, na kwamba mmezembea kuzilinda njia zake.

Tazameni Pakistan, Oktoba 1958. Rais Iskander Mirza aliifuta katiba na kutangaza utawala wa kijeshi. Kesi ya mtu aitwaye Dosso ikafika Mahakama ya Juu, na Jaji Mkuu Muhammad Munir akaazima nadharia ya mwanasheria wa Austria, Hans Kelsen. Munir akasema: mapinduzi yakishafanikiwa, basi hayo yenyewe ndiyo chimbuko la sheria mpya. Kwa lugha ya kijiweni, aliyeshika ameshika. Maskini Kelsen! Huyu ndiye aliyechora mahakama ya katiba ya Austria mwaka 1920, Myahudi aliyelazimika kuikimbia Ulaya ya Hitler, na leo jina lake linamtandikia jenerali mkeka. Mirza mwenyewe hakuufaidi mkeka huo. Mwezi uleule Jenerali Ayub Khan alimng'oa, na kwa hoja ileile Ayub naye akawa halali.

Ingeishia huko Pakistan tungesema ni yao. Haikuishia. Mwaka 1966 Milton Obote aliitupa katiba ya uhuru wa Uganda. Wabunge wakapitisha katiba mpya ambayo hawajaisoma, wakaambiwa nakala watazikuta kwenye visanduku vyao vya barua. Mmoja wa wakuu wa kimila wa Buganda, Michael Matovu, akawekwa kizuizini, na mawakili wake wakaenda Mahakama Kuu kuuliza: anashikiliwa kwa katiba ipi? Majaji wakafunua vitabu, wakamkuta Dosso. Wakamkaribisha Kampala, wakampa kitanda, wakaamua kwamba serikali imekwisha kushika hatamu na kwa hiyo katiba ya kisandukuni ni halali.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Majaji wale hawakumpa mgeni jembe. Hawakumpeleka shambani waone kama anaweza kulima udongo wa Uganda au amekuja kula akiba ya mbegu. Januari 1971 Idi Amin aliingia kwa mlango uleule, na nani angemwambia kwamba mlango huo haupitiki?

Sasa nisikilizeni. Aprili 1972, Pakistan ilitubu. Katika kesi ya Asma Jilani, Mahakama yake ya Juu iliifuta hukumu ya Dosso. Miezi mitano baadaye, Septemba 21, 1972, askari waliingia Mahakama Kuu ya Kampala wakamtoa Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka ofisini mwake, mchana, watu wakiona. Alikuwa ameamuru aachiwe Mwingereza mmoja, Daniel Stewart, aliyeshikiliwa bila sheria. Hakurudi. Sisemi hukumu ya Matovu ndiyo iliyomuua Kiwanuka. Waliomuua walikuwa na majina na bunduki. Nasema kwamba miaka sita kabla ya hapo mahakama ileile ilikuwa imekiri kwa maandishi kwamba nguvu ikifaulu inatosha, na Amin alikuwa na nguvu.

Kuna mtakaosema: hayo ya majaji na majenerali yanatuhusu nini sisi wauza vitunguu? Nitawajibu kwa India. Mwaka 1976, Indira Gandhi akiwa ametangaza hali ya hatari na wapinzani wamejaa magerezani, majaji watano waliulizwa kama mfungwa aliyekamatwa kimakosa anaweza kwenda mahakamani kudai uhuru wake. Wanne wakasema hawezi. Wa tano, Hans Raj Khanna, akasema hata katika hali ya hatari serikali haina ruhusa ya kuchukua uhai au uhuru wa mtu nje ya sheria. Ukuu wa mahakama ulikuwa karibu kumfikia kwa zamu, na ulipofika, Januari 1977, alirukwa, akapewa mdogo wake kazini. Khanna akajiuzulu, akaenda zake. Alikuwa amefariki tayari mwaka 2017, mahakama ileile ilipotamka kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi na wale wanne walikosea. Mmoja wa wale wanne alikuwa Jaji Y. V. Chandrachud. Aliyeandika kwamba walikosea ni mwanawe, D. Y. Chandrachud. Mwana akamsahihisha baba, hadharani, kwa kalamu. Mfungwa aliyekuwa ndani mwaka 1976, muuza vitunguu au profesa, aliyemtetea ni mmoja tu.

Wageni wema nao wapo. Katiba ya Ujerumani ya 1949, iliyoandikwa na watu waliomwona Hitler akitumia bunge lao kulimaliza bunge, inataja mambo ambayo hakuna wingi wa kura unaoweza kuyafuta, na la kwanza ni utu wa mtu. Mwaka 1965 profesa wa Kijerumani, Dietrich Conrad, alilieleza wazo hilo Banaras, India. Mwaka 1973 majaji 13 waliketi kuisikiliza kesi ya Kesavananda Bharati, mkuu wa nyumba ya watawa wa Kihindu huko Kerala aliyekuwa akigombania ardhi ya nyumba hiyo (na wakulima maskini wa Kerala walikuwa na hoja zao, tusijifanye hatujui). Saba kwa sita, waliamua kwamba Bunge laweza kuibadili katiba lakini haliwezi kuubomoa mhimili wake. Mei 2021 wazo hilo lilifika Nairobi, Mahakama Kuu ikalitumia kuusimamisha mpango wa kubadili katiba ulioitwa BBI. Machi 31, 2022, Mahakama ya Juu ikasema: mgeni tumemsikia, tumemheshimu, lakini katiba ya Kenya ya 2010 ina kufuli zake yenyewe, hatumhitaji. Na BBI ikaanguka hata hivyo, kwa sababu Rais hana ruhusa ya kuvaa koti la mwananchi wa kawaida akaanzisha mabadiliko ya katiba kwa njia waliyowekewa wananchi. Mkipenda msipende uamuzi ule, huko ndiko kumpa mgeni jembe.

Malawi nitapita haraka, ingawa moyo wangu unataka kukaa. Februari 3, 2020, majaji watano walikwenda mahakamani wamevaa fulana za kuzuia risasi, wakisindikizwa na jeshi, wakaisoma hukumu ya kurasa kama 500 huku nchi nzima imetega sikio redioni. Karatasi za matokeo ya urais zilikuwa zimefutwafutwa kwa wino mweupe. Majaji walikuwa wamejaribiwa kwa hongo wakalipeleka jambo hilo kwa wakubwa wao. Uchaguzi ukafutwa, kama Kenya ilivyofanya Septemba 1, 2017. Nairobi siku ile aliyeshinda alicheza barabarani, na siku hiyohiyo majaji wakaitwa wakora na kiongozi wa nchi. Nanyi, mlioko pande zote mbili, jichunguzeni. Hukumu ikikupendelea, jaji ni Suleimani. Ikikuangusha, jaji kanunuliwa. Hata kurasa tatu hujasoma!

Njooni nyumbani sasa, Tanzania, kwa mjane wetu. Mnamjua yule mjane wa mfano, aliyemsumbua kadhi asiyemcha Mungu mpaka akachoka? Wa kwetu alikuwa mchungaji, Christopher Mtikila, mtu wa maneno makali ambaye wengi mlimcheka, na mimi nilikuwemo. Mwaka 1993 aliuliza mahakamani: kwa nini Mtanzania asigombee uongozi bila kupitia chama? Oktoba 1994, Dodoma, Jaji Lugakingira akamwambia ana haki. Bunge likabadilisha katiba kuizima haki hiyo. Akarudi mahakamani, akashinda tena mwaka 2006. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani wakampima yule mgeni wa Kihindi, Kesavananda, wakamkataa, wakasema jambo hili ni la Bunge. Mtikila akapanda gari akaenda Arusha, Mahakama ya Afrika, na Juni 14, 2013 akashinda mara ya tatu. Miaka 20 anabisha hodi! Alifariki ajalini Oktoba 2015 bila kuiona sheria ikibadilika. Novemba 2019 nchi yetu ikaondoa tamko lililowaruhusu wananchi kwenda wenyewe kwenye mahakama hiyo, ambayo jengo lake liko mkoani kwetu. Mjane ameambiwa hodi yake haipokelewi tena mlango ule, nanyi mlikuwa mnaangalia mpira.

Toka mwaka 2021 sheria inasema lugha ya mahakama zetu ni Kiswahili. Basi dai! Mwombe wakili wa kanisani kwako, mwombe kijana wa msikitini anayesoma sheria, muunde darasa la Jumamosi moja kwa mwezi, mlete hukumu moja, ya kwetu au ya ng'ambo, isomwe kwa Kiswahili mpaka bibi aliyekaa nyuma aelewe nani alisema nini na kwa nini. Kesi inaposikilizwa, nenda ukajaze benchi. Jaji anayeona viti vitupu na gari la serikali nje anajua nani anamtazama.

Na darasa la kwanza msianze na walioshinda. Anzeni na Khanna. Fungueni ile hukumu ya 1976, wapiteni wale wanne, mtafuteni yeye, amekaa peke yake.