Mgeni Aliyekwisha Kupewa Jembe

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii hutumiwa kumsuta mgeni mvivu. Sisi twapenda kuielekeza kwa mwenyeji: mgeni akiisha kupewa jembe, je, amepewa pia haki ya kuuliza kwa nini shamba linalimwa hivi?

Swali hili limetujia kwa kuwatazama vijana watokao Songea kwenda kuajiriwa katika kampuni changa za programu za kompyuta. Kampuni ya namna hiyo huanza na watu watatu au wanne chumbani. Aandikaye programu ndiye apokeaye simu ya mteja, ndiye pia afagiaye. Hapana bwana mkubwa, hapana tarishi. Mambo hukatwa kwa mazungumzo, na ujuzi wa kazi umo vichwani, haumo katika majalada. Kisha kazi hupanuka, wakaajiriwa wengine, na hapo ndipo utu hujaribiwa. Maana programu ni maagizo yanayofuatana, nayo mashine huyatii bila kufikiri. Kosa dogo la mwanzilishi laweza kujificha humo miaka mingi likipotosha hesabu za wateja. Mara nyingi alionaye ni yule aliyeingia jana, kwa kuwa jicho lake halijazoea. Akinyamaza kwa kuogopa kuitwa mjuaji, hasara ni ya wote. Wapo waanzilishi wamjibuo, "Sisi tulilala njaa kwa ajili ya kazi hii." Huenda walilala kweli, lakini njaa ya jana haisahihishi hesabu ya leo.

Mkoa wetu ulikwisha kulikabili jambo hili bila kompyuta. Huko Litowa, mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa TANU walianza kulima kwa pamoja, na jaribio la kwanza likawashinda kwa kukosa chakula. Walirudia. Mwaka 1963 ikaundwa Ruvuma Development Association, iliyoongozwa na Ntimbanjayo Millinga, naye Ralph Ibbott, Mwingereza, akiwa mshauri. Kufikia mwaka 1969 vijiji vilikuwa vimepata 17 hivi. Tunalolistaajabia si idadi hiyo, bali njia ya kukua. Kijiji kipya hakikutumiwa waraka na kuachwa. Wanachama wenye uzoefu walikwenda kuishi huko, wakalima pamoja na wenyeji, wakaulizwa maswali na kujibu. Maamuzi yalikatwa katika mikutano ya wanakijiji wenyewe. Njia hii ni ya polepole, tena inachosha (aliyewahi kukaa katika mkutano wa kijiji tangu adhuhuri hadi magharibi anatuelewa), lakini aliyefika mwisho alipata kuielewa kazi kama aliyefika kwanza.

Mwalimu Nyerere alipotoa Ujamaa Vijijini mwaka 1967, vijiji hivi vilikuwa mfano ulio hai. Hata hivyo Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliivunja jumuiya hiyo, na mali zake zikachukuliwa. Kwa maoni yetu, yaliyowapata wanavijiji hao ndiyo yampatayo mwajiriwa mpya mbele ya mwanzilishi: neno la mwisho lilisemwa mbali na shamba, na wenye jembe hawakuwapo. Mashirika yaweza kuvunjwa kwa siku moja. Mazoea ya kuulizana hayavunjwi hivyo: watu wa Matetereka, kimojawapo cha vijiji vile, waliendelea kulima pamoja kwa miaka mingi baadaye.