Amana ya Ufunguo

Mtu anayetaka kuziamuru, kutoka katika kompyuta yake ya nyumbani, seva asizoziona kwa macho, alizozikodi katika majumba ya mitambo ng'ambo ya bahari, hana budi kwanza kuitengeneza kompyuta hiyo kwa taratibu, mfano wa atawadhaye kabla ya sala. Huandika amri ya ssh-keygen, na papo hapo huzaliwa funguo mbili pacha: wa dhahiri, upelekwao kwenye seva, usio na madhara hata ukionwa na walimwengu wote, na wa siri, ubakiao kwake, uliofungwa kwa nywila, ambao faili yake hupewa ruhusa 600, maana yake asiisome wala kuibadili ila mwenyewe.

Njia hii, iitwayo SSH, aliyoibuni Tatu Ylönen huko Ufini mwaka 1995, haiupeleki ule wa siri katu. Seva huridhika kwa saini ya ufunguo huo tu. Je, sivyo ilivyo nafsi ya mwanadamu, ambayo matendo yake ni dhahiri kwa watu, na nia yake ni siri baina yake na Mola wake, wala la dhahiri halisihi pasipo la batini? Basi, ewe msomaji, kabla hujashika mamlaka juu ya kilicho mbali, kilinde kwanza kilicho karibu: ufunguo ni amana, na amana haiazimwi.