Je, Msitu Utarudi Wenyewe?

Mara nyingi tumelisikia neno hili vinywani mwa watu wasio wabaya hata kidogo: "Tukate tu, msitu utarudi wenyewe." Kisha hutuonyesha shamba la marehemu babu, lililoachwa miaka ishirini, nalo leo ni kichaka kizito. Neno hili lina ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo lafaa kupimwa kwa makini kuliko uwongo mtupu.

Tutazame kisiwa cha Krakatau, kati ya Java na Sumatra, nchini Indonesia. Tarehe 27 Agosti 1883 mlima wa moto wa kisiwa hicho ulipasuka. Watu zaidi ya 36,000 walikufa katika pwani za jirani, wengi wao kwa mawimbi, na sehemu kubwa ya kisiwa ikazama baharini. Kipande kilichobaki, kiitwacho Rakata, kilifunikwa na majivu ya moto. Mwezi wa Mei 1884 wasafiri wa elimu walitafuta huko kiumbe hai, wakaona buibui mmoja tu, mdogo mno, akifuma utando wake. (Maskini, alitarajia kumnasa nani?)

Mwaka 1886 Melchior Treub, mtaalamu wa mimea kutoka Uholanzi, alikuta ukoga mwembamba juu ya majivu, na aina 11 za kangaga. Baadaye nyasi ndefu zikatawala. Kisha ndege na popo wakaleta mbegu za mikuyu matumboni mwao, na kufikia miaka ya 1930 kisiwa kilikuwa msitu. Zile nyasi zilizotangulia zikafa kivulini mwa miti, na baadhi ya ndege wa nyikani wakatoweka pamoja nazo.

Basi, je, mkataji asema kweli? Hapana budi kuuliza mbegu zile zilitoka wapi. Zilitoka ng'ambo ya bahari, mwendo wa kilomita zipatazo 40, ambako misitu ilikuwa ingali imesimama. Kisiwa kiliponywa na jirani zake. Tena uponyaji wenyewe haujakamilika: hata leo, baada ya miaka zaidi ya 140, miti mingi ya misitu ya Java na Sumatra haimo Rakata, hasa ile yenye mbegu kubwa ambazo ndege hawezi kuzimeza wala bahari haizifikishi salama.

Shamba la babu nalo lilirudi kwa visiki vilivyochipua na kwa mbegu za msitu uliobaki kilimani. Akataye leo kwa kuutegemea msitu ule anakopa kwa jirani. Na jirani naye akisema neno lile lile?

Hatumhukumu maskini anayefyeka robo eka awalishe wanawe. Twamwuliza zaidi mwenye misumeno na malori, ambaye huanza na mti wa mbegu kwa kuwa ndio mnene kuliko yote. Katika kijiji kimoja tulichopitia, ulikuwa umebaki mvule mmoja tu kando ya kijito, na usiku popo huja kula matunda yake. Shinani tuliona alama ya rangi nyekundu, mbichi bado.