Mgeni Anayekuja na Nyumba Yake

Kila ifikapo Septemba, meza ya jikoni kwa wazee ninaokaa nao hugeuka ofisi. Ramani inatandazwa, kalenda inashushwa ukutani, miwani inasakwa nyumba nzima kumbe iko kichwani. Hapa ni Winnipeg, Kanada, ambako usiku wa Januari unaweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri na asubuhi watu wakaenda kazini kama kawaida. Mimi nimepanga chumba chao cha chini, kile kilichozama nusu ardhini. Mchana mwanafunzi, usiku mbeba maboksi. Wao nawaita Babu na Bibi. Walitaka niwaite kwa majina yao ya kwanza, lakini ndugu msomaji, mtoto aliyelelewa Tandika atamwitaje mzee wa miaka 74 jina tupu? Ulimi uligoma.

Wanachopanga ni kuikimbia baridi. Wana gari-nyumba: kitanda, jiko, friji, choo na bafu, vyote juu ya magurudumu. Mwezi wa kumi na moja wanalitoa uani, wanalielekeza kusini hadi mpaka wa Emerson, wanaingia Marekani, wanashika barabara kuu ya 29, na baada ya karibu kilomita 3,000 wanaegesha Quartzsite, jangwani Arizona. Pale kuna ardhi ya serikali ambayo ukiwa na kibali unaruhusiwa kukaa na gari lako toka tarehe 15 Septemba hadi 15 Aprili. Wazee wa Kanada na wa kaskazini mwa Marekani hujaa huko kama kumbikumbi.

Nilidhani safari ya namna hii ni kujaza mafuta na kuondoka. Thubutu! Kwanza siku. Mkanada kwa kawaida anaruhusiwa Marekani hadi miezi sita. Ukizembea na hesabu, watu wa uhamiaji watakuuliza na watu wa kodi nao watakuuliza. Aprili 2025 likaongezeka jingine: anayekaa siku 30 au zaidi ajiandikishe. Halafu bima ya afya ya safari, maana kulala hospitali ya Marekani bila bima kunaweza kuimeza nyumba, na bima nyingine hazitaki kusikia kwamba daktari alikubadilishia dawa ya presha mwezi uliopita. Halafu dawa zenyewe za miezi mitano. Halafu matunda na kuni, ambavyo mpakani vinaulizwa kama bangi. Halafu mabomba: gari-nyumba huwezi kulijaza maji ukiwa Winnipeg, yataganda na kupasua kila kitu. Mabomba hutiwa kimiminika cha rangi ya waridi kisichoganda, na siku za mwanzo wanatumia maji ya madumu hadi wafike kusiko na barafu. Matangi ni matatu: la maji safi, la maji ya kuogea na vyombo, na la choo. Babu anaweza kukueleza matangi haya kwa saa nzima, na ameshanieleza mara tatu.

Mara ya tatu akamalizia kwa kauli anayoipenda. "Huko," alisema, "hatutamwomba mtu hata glasi ya maji."

Alisema kwa fahari. Mimi nikabaki nimeinamia ramani, kitu kimenikaa kooni. Kwetu kauli hiyo ni ya mtu aliyesusa. Mtu aliyekosana na ukoo ndiye anayesema hataki hata maji yao. Ikawaje kwa mzee huyu, mwema hivi, ikawa ndiyo sifa ya mgeni bora?

Nikaanza kujiuliza, na bado najiuliza: mgeni asiyehitaji kitu ni mgeni kweli? Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Tunauimba msemo huo tukidhani maana yake ni pilau. Lakini mwenyeji anapona nini? Nadhani anapona kule kujiona hana cha kumpa mtu. Ukija kwangu na maji yako, chakula chako, choo chako, umenipunguzia kazi, sikatai. Ila pia umeninyima nafasi ya kuwa mwenyeji.

Pwani yetu iliwajua wageni wa majira kabla ya magari-nyumba. Kaskazi ilipovuma, kuanzia Desemba hivi, majahazi yalishuka kutoka Uarabuni na Ghuba. Kusi ilipoanza, yakarudi. Wale nao walikuja na nyumba zao, kwa maana jahazi ni nyumba. Lakini maji yaliwaishia. Walihitaji kisima, boriti, dalali, mahali pa kulala wakiusubiri upepo ugeuke. Wengine walioa. Sisemi yote yalikuwa mema. Majahazi hayohayo yalibeba watu waliouzwa, na tusipambe. Nasema tu kwamba mgeni aliyeishiwa maji alilazimika kubisha hodi, na kwenye hodi ndipo lugha hii ninayoiandika ilipokomaa.

Hata hapo Quartzsite kuna kaburi la piramidi ya mawe lenye ngamia wa chuma kileleni. Amelala Hadji Ali, mtunza ngamia kutoka dola ya Uturuki ya enzi hizo, aliyeletwa na ngamia wa jeshi la Marekani mwaka 1856. Jaribio la ngamia likafa, yeye akabaki, akafia hapo 1902. Wenyeji walishindwa kulitamka jina lake wakamwita Hi Jolly. Mgeni aliyekuja na chombo kinachojibebea maji! Lakini alizikwa na watu wa pale.

Sasa rudi nami mpakani Emerson, kwa sababu ndipo swali langu linapoacha kuwa la jikoni. Kwenye kibanda cha uhamiaji Babu huulizwa: unakaa wapi, una fedha kiasi gani, utarudi lini? Ukiyakamua, maswali yote ni moja: unahitaji chochote kwetu? Jibu sahihi ni hapana. Mimi pia, nilipoomba viza ya masomo, nilitakiwa kuonyesha karatasi za benki zinazoapa kwamba sitakuwa mzigo kwa mtu. Nilizipata kwa kuchangiwa na ukoo mzima, yaani kwa kuwa mzigo kwa watu 19.

Na kwenye mpaka huohuo, majira hayohayo, wapo wanaovuka kwa miguu. Mkesha wa Krismasi wa 2016 Waghana wawili walivuka usiku kuja Kanada kupitia mashambani. Baridi ikawala vidole. Wiki zilizofuata wakaja wengine, Wasomali wengi kati yao, na Februari 2017 watu wa Emerson, mji mdogo tu, walifungua ukumbi wao wakawalaza humo. Januari 2022, upande wa pili wa safari, familia ya watu wanne kutoka India ilikutwa imeganda mita chache kabla ya kuingia Marekani. Wawili walikuwa watoto. Gari-nyumba la Babu linapita jirani na hapo likiwa na hita mbili.

Simlaumu Babu kwa hita zake. Lawama rahisi ni ya kivivu. Nilipomweleza fikra zangu (kwa adabu, nikizungukazunguka) hakukasirika. Alisema: "Baba yangu aliugua miaka sita. Mama alimgeuza kitandani kila saa mbili mpaka naye akaanguka. Niliapa sitamfanyia mtu hivyo." Nikanyamaza. Nikamkumbuka mama yangu Tandika, wageni kutoka bara wanateremka na mabegi tarehe 20 ya mwezi, anacheka mlangoni "karibuni, karibuni!", halafu anaingia jikoni kuutazama unga uliobaki. Ukarimu tunaojivunia sisi wanaume vibarazani hupikwa na mtu mwingine, na huyo hatukumuuliza kama amepona. Ndiyo maana wahenga haohao walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe lile naona si la kumfukuza. Linamtoa kwenye kiti cha mgeni na kumweka kati ya watu wa nyumba.

Mimi nilipewa beleshi la theluji siku ya kwanza. Wao wakiondoka, nyumba naishika mimi: nazoa theluji mlangoni, nasikiliza tanuri la joto lisizime, naacha bomba la jikoni lidondoke kidogokidogo usiku wa baridi kali lisigande. Barua zao nafungua mimi. Jirani anapobisha hodi, anayesema karibu ni mimi, mtu wa karatasi za benki za kuazima. Mwenye hati ya nyumba amekwenda kuwa mgeni asiyeomba maji, na aliyekuja akiomba kila kitu ndiye mwenyeji. Sijui nicheke au nifanyeje.

Januari iliyopita Bibi alipiga simu. Pampu ya maji ya gari-nyumba ilikufa, na fundi hakupatikana siku tatu. Watu wa gari la jirani, wazee kutoka Alberta wasiowajua kabisa, waliwaletea madumu, kisha wakawaita kula, na kesho yake tena, na keshokutwa. Mwenye gari lile ana pafu moja na hadithi zisizokwisha. Bibi alicheka kwenye simu kama msichana.

"Na Babu anasemaje?" nikauliza.

"Ameshaagiza pampu mpya," akasema. "Ameagiza mbili."