Wimbo Ndani ya Wimbo: Nani Anausikia?

Mtu akisema "haba na haba" kisha akanyamaza, Mswahili aliye karibu naye husikia "hujaza kibaba" ingawa hakuna aliyeyatamka maneno hayo. Mgeni aliyesimama palepale, mwenye masikio mazima kabisa, husikia kauli iliyokatika tu. Tofauti ya wawili hawa haiko masikioni. Naanza na methali kwa sababu swali ninalolijadili ni lilelile katika vazi la muziki: mpigaji wa jazi anapobuni papo hapo, kisha akachomeka kipande cha wimbo wa mtu mwingine, kipande hicho kiko wapi? Kimo katika sauti ya saksafoni, katika nia ya mpigaji, au katika kumbukumbu ya anayesikiliza? Naamini dondoo la muziki halikamiliki mpaka limpate anayelitambua. Kwa hiyo kujifunza kulitambua ni sehemu ya kusikia kwenyewe, wala si pambo la wajuzi.

Tuchukue rekodi moja. Tarehe 26 Novemba 1945 mpiga saksafoni Charlie Parker alirekodi "Ko-Ko" kwa kampuni ya Savoy. Muziki huo umesimama juu ya kodi, yaani sauti zinazopigwa pamoja chini ya wimbo, za "Cherokee", utunzi wa Mwingereza Ray Noble wa mwaka 1938. Mahadhi ya "Cherokee" yameondolewa. Msingi umebaki, nyumba imejengwa upya. Kasi yake ni mapigo yapata 300 kwa dakika. Parker anapoingia mzunguko wa pili wa ubunifu wake, yaani anapozianza upya kodi zile, unapita mbio mstari wa "High Society", wimbo wa gwaride uliotungwa na Porter Steele mwanzoni mwa karne ya 20. Safari ya mstari huo inafundisha mengi. Katika gwaride ulikuwa wa pikolo, filimbi ile ndogo. Alphonse Picou wa New Orleans akauhamishia kwenye klarineti, na wapiga klarineti wa mji ule wakaufanya kipimo cha ustadi wao. Parker, mwana wa Kansas City aliyezaliwa 1920, akautia katika muziki mpya ambao baadhi ya mashabiki wa jazi ya zamani waliuona kama usaliti. Asiyeujua mstari ule husikia noti za kasi zikifuatana. Anayeujua humsikia kijana akiwaamkia wazee wake: shikamoo iliyotamkwa mbio, katikati ya mapinduzi.

Augustino wa Hippo, katika kitabu cha 11 cha Maungamo yake, alieleza kwamba mtu anayekariri wimbo anaoujua huvutwa pande mbili: kwenye kumbukumbu ya alichokwisha kutamka na kwenye tarajio la kinachokuja. Dondoo la jazi linaongeza uzito katika hoja hiyo. Sikio linalotambua hupata matarajio mawili kwa wakati mmoja, kwa kuwa wimbo ulioazimwa unavuta kwao na kodi zilizo chini zinavuta kwao. Kwa kawaida ule wa kuazima hukatwa njiani, na mkato huo ndio utamu. Mara chache njia zote mbili hukutana. Katika tamasha la Berlin la Februari 1960, Ella Fitzgerald aliimba "How High the Moon", na alipofika kwenye ubunifu akaingiza mahadhi ya "Ornithology", ambayo Parker na Benny Harris waliyatunga juu ya kodi za wimbo huohuo. Mtoto amerudishwa nyumbani kwa mama yake, na anayeijua familia hiyo hahitaji kuambiwa.

Atakayepinga atasema kwamba uzuri hauhitaji ujuzi, na kwamba usikilizaji wa namna hii unageuza muziki kuwa mtihani wa kutaja majina. Nusu ya pili ya hoja yake naikubali: anayesikiliza ili ahesabu madondoo ameacha muziki na kushika daftari. Nusu ya kwanza siikubali. "Ko-Ko" humtikisa hata asiyejua lolote, lakini ile shikamoo haimfikii, na hicho ni kitu halisi anachokikosa. Pingamizi zito zaidi ni la bahati. Noti ziko 12 tu, vidole vina mazoea yake, basi nani ajuaye kama mpigaji alikusudia? Hapa inafaa kuwa mwangalifu: noti tatu zinazofanana hazithibitishi kitu. Mstari mrefu, wenye umbo lisilofanana na mwingine, uliowekwa mwanzoni mwa mzunguko ambapo wote wanasikiliza, hauwezi kuitwa bahati. Hata kama ungetoka kwenye vidole bila kufikiriwa, methali imtokayo mtu bila kukusudia bado ni methali. Wanaouita mtindo huu wizi wanasahau jambo moja. Mwizi huficha alichochukua, na dondoo hufa likifichwa.

Basi nakuomba, msomaji, usianze na Parker. Tafuta kwanza "High Society" ilivyopigwa na wapiga klarineti wa New Orleans, uisikilize siku kadhaa mpaka uweze kuiimba kwa mdomo bila kuwaza. Kisha fungulia "Ko-Ko", usubiri mzunguko wa pili.