Chombo Kidogo au Kikubwa?

Mtu aliyejaaliwa nafasi, akataka kununua chombo cha kuvulia siku zake za mapumziko, si kwa biashara bali kwa kujiburudisha, hana budi kujiuliza: achukue kidogo au kikubwa? Wengi hulifanya swali la mfuko tu. Sisi twaona ni swali la amana pia.

Kwanza ijulikane kuwa burudani yenyewe haina lawama. Mavuvi ya bahari yamehalalishwa katika Suratul Maida, aya ya 96. Na aliyechoka kwa kazi akaenda kupunga upepo, akarudi na changu wawili watatu kwa watu wake, hakufanya baya.

Wapendao kikubwa husema kina nafasi na salama. Ni kweli. Lakini na wajue wanunuacho. Chombo cha futi 30 si mara 2 ya chombo cha futi 15: urefu, upana na kina vikizidi sawasawa, ujazo wake huwa mara 8, na mafuta, mashine na matengenezo hufuata uzito. Kidogo hukokotwa mchangani na watu wachache. Kikubwa chataka mahali pa kutia nanga penye kina hata maji yakipwa, na Mombasa wakati wa bamvua kubwa maji hushuka kama mita 3. Tena chataka mlinzi usiku na mchana. Mwenye kukinunua kwa deni la riba ili atazamwe na majirani, amejinunulia bwana wa kumtumikia.

Wapendao kidogo nao husema: tumekinai, tumeepuka fakhari. Ni maneno mazuri, lakini yana sharti. Mwenye kukitoa chombo kidogo nje ya mwamba katika miezi ya kusi, Juni na Julai, kwa tamaa ya nguru na jodari, naye amepakia watoto na mgeni asiyejua kuogelea, huyo hakukinai. Ameokoa fedha zake na kuweka roho za watu rehani. Kujitupa katika maangamizi kumekatazwa, na roho ya abiria ni amana juu ya nahodha, wa meli na wa mtumbwi sawasawa.

Kosa la wote wawili ni moja: huchagua chombo, kisha hukitafutia bahari. Iliyo sawa ni kuchagua bahari kwanza. Nitavua wapi, miezi gani, pamoja na nani, mara ngapi kwa mwaka? Mwenye kuvua ndani ya mwamba, au katika mikono ya bahari kama Mtwapa na Kilifi, kidogo chamtosha, na kinachozidi ni israfu. Mwenye kuyaendea maji makuu mara kwa mara, na uwezo anao bila ya riba, kikubwa kwake ni hadhari wala si fakhari. Ama ayatakaye maji makuu na uwezo hana, au aendaye mara 2 tu kwa mwaka, na ashirikiane na wenziwe, au akodi chombo chenye nahodha aujuaye mlango.

Na yeyote anunuaye, akumbuke kuwa jirani yake baharini ni mvuvi ambaye dau lake ndilo riziki ya watoto wake. Katika Suratul Kahf wametajwa wenye jahazi waliofanya kazi baharini, nao juu ya kuwa na jahazi wakaitwa maskini. Basi asipite kwa kasi juu ya nyavu zao. Kila chombo kizidipo ukubwa, haki za wengine juu ya mwenyewe nazo huzidi.

Wa billahi taufiki.