Shahidi Mwenye Timu

Mwishoni mwa Mei timu kumi za besiboli za vyuo vidogo vya Marekani hukutana Lewiston, mji wa jimbo la Idaho uliokaa pale mto Clearwater unapomwagika katika mto Snake. Mashindano haya ni ya NAIA, chama cha vyuo ambacho hata huko kwao huishi kivulini mwa vyuo vikubwa vinavyojaza viwanja na televisheni. Yalianza 1957 mjini Alpine, Texas. Uwanja wa Harris wa chuo cha Lewis-Clark State, hapo Lewiston, uliyapokea kuanzia 1984 hadi 1991, kisha yakarudi hapo mwaka 2000 na hayajahama tena. Timu ikifungwa mara moja hubaki. Ikifungwa mara ya pili hufungasha. Kwa mpango huo bingwa hupatikana baada ya michezo 18, au 19 ikiwa naye alipoteza mmoja njiani.

Magazeti makubwa ya New York na Chicago hayana haja ya kutuma mtu huko. Anayefika na timu kutoka Florida au California ni mfanyakazi wa chuo mwenye kamera begani, au mtangazaji wa redio ya mji mdogo aliyesoma chuo hichohicho, au mzazi aliyezoea kutuma taarifa za mchezo kwenye gazeti la nyumbani. Mwandishi huyo ni shabiki na hafichi. Anawajua wachezaji kwa majina, anajua nani alivunjika kifundo mwaka jana na nani ana mtihani akirudi. Timu ikifunga, moyo wake unaruka kabla kalamu yake haijasogea. Je, mtu wa namna hiyo anaweza kuaminiwa anaposema kilichotokea?

Waandishi wa michezo wa Marekani wana jibu la siku nyingi: jukwaa la waandishi si mahali pa kushangilia. Katazo hilo ni maarufu kiasi kwamba Jerome Holtzman, mwandishi wa Chicago, alipokusanya kumbukumbu za wakongwe wa kazi hiyo mwaka 1974, alikipa kitabu chake jina la No Cheering in the Press Box. Kwenye ligi kuu katazo hilo lina maana, kwa sababu kuna fedha nyingi na kuna kalamu nyingi. Shabiki mmoja akitolewa nje, waandishi wengine ishirini watausimulia mchezo. Lewiston ni kwingine. Huko ukiwatoa wote wenye timu, viti vya waandishi vitakaribia kubaki vitupu, na michezo ya timu kadhaa itapita bila mtu wa kuisimulia.

Hata hivyo hoja ya wanaoshuku mapenzi haipaswi kupuuzwa. Wanasheria wa Kiislamu waliipima karne nyingi zilizopita. Wengi wao, wakiwemo wa madhehebu ya Shafi yaliyoenea pwani ya Afrika Mashariki, hawaupokei ushahidi wa mzazi kwa faida ya mwanawe, wala wa mwana kwa faida ya mzazi. Hawasemi kwamba kila baba ni mwongo. Wanasema tuhuma ipo, na haki ya mtu wa tatu haiwezi kuning'inia kwenye tuhuma. Lakini ushahidi wa baba dhidi ya mwanawe wanaupokea, na Sura An-Nisaa, aya ya 135, inawaamuru waumini wasimamie haki hata kama itawaumiza wao wenyewe, wazazi wao au jamaa zao. Kwa hiyo anayependa hajafungiwa mlango wa mahakama. Anaingia kupitia mlango mwembamba zaidi, ule wa kusema lisilomfaa.

Ushahidi mwingine dhidi ya mashabiki unatoka Roma. Katika kitabu cha sita cha Maungamo yake, Mtakatifu Agostino anasimulia habari za rafiki yake Alipio, kijana mwenye msimamo aliyeyachukia mapigano ya watu kuuana uwanjani. Marafiki wakamburuta hadi ndani. Akakaa amefumba macho, akijiona salama. Kisha mtu mmoja akaanguka, umati ukapiga ukelele, na Alipio akafumbua macho kutaka kujua kuna nini. Tangu dakika hiyo akawa mmoja wao, akipiga kelele na kuishangilia damu. Alipio huyo baadaye alikuwa askofu wa Thagaste, kwa hiyo Agostino hakuwa anamsimulia mtu dhaifu. Kilichomwangusha ni kule kugeuka sehemu ya sauti moja kubwa, mtu asiyeona tena kwa macho yake.

Kisa hicho kinatenganisha mambo mawili ambayo katazo la jukwaani linayachanganya. Alipio hakumpenda mpiganaji yeyote. Hakujua hata majina yao. Aliyemjua mchezaji tangu mwaka wa kwanza wa chuo yumo katika hali nyingine kabisa: yeye ana mtu mahususi mbele yake, na huyo mtu hawezi kumezwa na kelele kirahisi. Hatari yake ni upendeleo, na upendeleo una dawa yake, ambayo besiboli imeitengeneza kwa ustadi kuliko michezo mingi.

Dawa hiyo ni kitabu cha karani wa mchezo. Ubao wa matokeo wa besiboli huonyesha safu tatu: pointi, mapigo halali, na makosa. Michezo mingine nayo ina makosa, lakini ni michache inayoyatundika ubaoni mbele ya watu wote, jina la timu likiwa pembeni yake. Mtu aliyeujenga utaratibu huu zaidi ya mwingine yeyote ni Henry Chadwick, mzaliwa wa Exeter, Uingereza, aliyehamia Marekani akiwa mtoto, akaripoti kriketi kwanza na kisha akaipenda besiboli maisha yake yote. Jedwali lake la mchezo la mwaka 1859 ndilo mzazi wa majedwali yanayochapishwa hadi leo. Mchezo huu ulimuenzi hadi ukamwingiza katika ukumbi wake wa mashujaa mwaka 1938, miaka thelathini baada ya kifo chake. Kalamu iliyowafundisha Wamarekani kuhesabu makosa ilikuwa ya shabiki mkubwa.

Hebu litazamwe tukio lenyewe. Mpira unapigwa chini kwa nguvu kuelekea kwa mlinzi anayesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu. Unadunda vibaya, unamgonga kwenye glavu na kuanguka. Mpigaji anafika kituo cha kwanza salama. Karani lazima aamue papo hapo: je, mlinzi angeweza kuudaka na kuurusha kwa juhudi za kawaida? Akisema ndiyo, ni kosa la mlinzi. Akisema hapana, ni pigo halali la mpigaji. Kipimo hicho cha juhudi za kawaida hakina mita wala saa. Kinahitaji macho na dhamiri.

Na katika vyuo vidogo karani huyo mara nyingi ni mfanyakazi wa chuo mwenyeji, yuleyule atakayeandika taarifa usiku. Ligi kuu ziliwahi kuwa na utata unaofanana na huo: hadi mwishoni mwa miaka ya 1970 makarani wake walikuwa waandishi wa magazeti, ambao kesho yake wangeingia vyumba vya kubadilishia nguo kuwahoji watu waliowaandikia makosa jana. Magazeti kadhaa yakawakataza waandishi wao kazi hiyo, na kuanzia 1980 ligi zikaajiri makarani wake zenyewe. Vyuo vidogo havina fedha za kutenganisha mikono hiyo.

Mwenye timu yake atajaribiwa kumsitiri kijana wake. Kusitiri ni jambo jema. Kwa watu wa pwani kumsitiri mwenzio aibu yake ni sehemu ya adabu na ya dini, na huyu ni mwanafunzi wa miaka ishirini ambaye hata mshahara halipwi. Kwa nini jina lake lining'inie ubaoni? Lakini kitabu cha besiboli kinamjibu shabiki mahali ambapo hakutarajia. Kosa likifutwa na kuandikwa pigo halali, pigo hilo linamwangukia mrushaji, na pointi zitakazofuata zitahesabiwa juu yake. Kosa likiandikwa kama lilivyo, pointi zilizotokana nalo haziharibu wastani wa mrushaji. Mrushaji naye ni kijana wa chuo hichohicho, pengine analala chumba kimoja na yule mlinzi. Huruma kwa mmoja imekuwa dhuluma kwa mwenzake, ndani ya timu moja, kwa mstari mmoja wa penseli.

Hapo ndipo hoja ya kwamba mapenzi yanapofusha inapoonekana haijatazama kwa makini. Aliyeipenda timu nzima hawezi kusema uongo kwa ajili ya mchezaji mmoja bila kumwibia mwingine anayempenda. Mapenzi yake yenyewe yanadai hesabu iwe sahihi. Na akivuka mstari kwenda kwa wapinzani, jambo ni lilelile: pigo la bure analompa mpigaji wake linatolewa mfukoni mwa mlinzi wa upande wa pili, ambaye naye ana mama yake jukwaani.

Sitara bado ina nafasi yake, na mwandishi mwenye moyo huijua. Kosa huandikwa mara moja, kwa sababu kitabu kinalidai na kwa sababu mchezo hauelezeki bila hilo. Hakuna kitabu kinachodai lirudiwe katika aya tatu, au liwekwe kwenye kichwa cha habari, au picha ya kijana akilia ichapishwe kwa upana wa ukurasa. Kati ya kusema uongo na kumwanika mtu kuna uwanja mpana, na ubora wa mwandishi wa michezo ya vijana hupimwa humo.

Iris Murdoch, mwanafalsafa wa Oxford aliyekuwa pia mwandishi wa riwaya, alitoa mfano unaofaa hapa katika kitabu chake The Sovereignty of Good cha 1970. Mavyaa mmoja anamwona mkamwana wake kuwa mtu wa hovyo, asiye na adabu, mwenye utoto mwingi. Hamtendei ubaya, kwa nje kila kitu ni safi. Lakini mavyaa ni mwanamke mwenye kutaka haki, akajiuliza kama si wivu unaomsemesha, akaamua kumtazama tena kwa uangalifu. Polepole alichokiona kuwa uhovyo akakiona kuwa wepesi wa moyo, na utoto ukawa ujana. Mkamwana hakubadilika hata kidogo. Murdoch anadai kwamba kutazama kwa haki na kwa upendo ni namna ya kujua, na kwamba kinachozuia kuona ni nafsi ya mtazamaji inayojipigania. Kwa shabiki wa Lewiston hii ina maana kwamba adui yake ni ile hamu ya kutaka yeye mwenyewe aonekane mshindi. Kumpenda mchezaji hakumdhuru.

Mashabiki wa Lewis-Clark State wana mtihani wao hapa. Chuo chao kina mataji 19, idadi ambayo hakuna chuo kingine cha NAIA kilichoikaribia, na 16 kati yake yalipatikana chini ya kocha mmoja, Ed Cheff, aliyestaafu 2010. Ni fahari ya kweli. Lakini kama mwenyeji, kwa miaka mingi chuo hicho kiliingia mashindanoni moja kwa moja bila kupita mchujo wa awali, na mengi ya mataji hayo kilitwaa nyumbani. Mwenye mapenzi yaliyokomaa husema yote mawili, kisha huongeza kwamba 1992, 1996 na 1999 walishinda ugenini. Ukweli wa aina hiyo haumpunguzii Cheff chochote.

Vyuo vingi vya NAIA vilianzishwa na makanisa, na si ajabu timu zote mbili kuinamisha vichwa kabla ya mchezo mmoja. Kama Mungu anachagua upande ni swali lililozungumzwa sana, na wachezaji wengi huomba wasiumie tu. Swali la kumwamini mwandishi linabaki lilelile hata baada ya sala, kwa sababu naye amesema amina.

Mei 2008 Trinity, chuo kidogo cha Hartford, Connecticut, kilifika fainali za daraja la tatu la NCAA, chama kikubwa kuliko NAIA, kikiwa hakijafungwa hata mara moja: ushindi 44 mfululizo. Johns Hopkins wakawafunga. Kwa kuwa ilikuwa ni mara yao ya kwanza kufungwa, waliruhusiwa mchezo mwingine, wakaushinda na kutwaa ubingwa. Rekodi yao ni 45 kwa 1, na kila mtu wa Trinity anayeipenda timu ile huisimulia pamoja na ile moja, kwa sababu bila hiyo ushindi wa mwisho haueleweki. Miaka 17 baadaye, LSU Shreveport ya Louisiana ilimaliza msimu hapo Lewiston kwa ushindi 59 bila kufungwa. Mwandishi wao alikuwa na kazi ngumu kuliko ya wenzake wote: bado kueleza ni makosa gani yalifanyika ndani ya michezo 59 waliyoshinda, na yalifanyika, kwa msomaji asiyetaka kuyasikia.

Timu nyingine tisa ziliondoka mwaka huo zikiwa zimefungwa mara mbili. Kila mara wapo wanaofungwa michezo miwili ya mwanzo na kupanda basi wakati mashindano ndiyo kwanza yamechangamka. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho katika timu hizo wengi hawatacheza tena besiboli ya ushindani. Anayewaandika ni yule aliyesafiri nao. Ameketi kiti cha mbele, anaweka sawa jedwali lake mwenyewe: makosa matatu, mawili ya mlinzi ambaye yuko viti vinne nyuma yake, moja ambalo alitaka kuliita pigo halali na hakuliita. Chini yake anaanza kuorodhesha waliomaliza chuo, na kwa kila mmoja anaandika mchezo ambao alicheza vizuri kuliko yote, na tarehe yake.